Venance wa Juu

Pale Grant Street, Buffalo, dukani kwa Birindwa, Mkongo muuza samaki, hakuna anayemwita Venance kwa jina. "Bon, Wa Juu amefika!" Birindwa hupaza sauti, na Venance huingia taratibu kama mtu anayekagua kiwanda chake.

Sababu huieleza mwenyewe kwa yeyote anayechelewa kumkwepa. Ujanani, kule Mufindi, alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu yake, akiongoza msumeno usiache mstari. Mwenzake hukaa shimoni, akivuta na kumeza vumbi la mbao. Wa juu ni fundi. Wa chini ni pua tu. Venance alikuwa wa juu, na ndiyo maana, husema, mzee mmoja, fundi mwenziwe, alikubali kumpa binti yake Theresia.

Aliyejua ukweli ni Zenoni, mpasuaji mwenzake, na Zenoni anaishi Shively, Louisville, mwendo wa siku nzima kwa gari. Umbali ambao Venance siku zote aliuona unatosha.

Desemba hii Watanzania wa Buffalo waliamua kubandika picha za zamani ukumbini kwa sherehe ya Uhuru. Zenoni akawasha gari, akalala Columbus kwa binti yake, kesho yake akafika na picha mfukoni. Venance alimpokea mlangoni kwa kunong'ona.

"Ndugu yangu, miaka thelathini na mitano ya ndoa. Usinibomolee nyumba."

"Mimi? Si uitazame kwanza?"

Kweli, picha ilimpendelea. Venance juu ya gogo, shati limenyooshwa, kifua mbele. Zenoni shimoni, mweupe kwa vumbi kama aliyefufuka. Venance akashusha pumzi, akaandika kikaratasi cha kubandika chini yake: *Venance, wa juu, 1989.*

Theresia akavaa miwani. Akaitazama picha mpaka chai ikapoa.

"Baba Jovini, na viatu?"

"Viatu vipi?"

"Gogo linateleza. Baba yangu kasimama juu yake maisha yake yote, sijamwona hata na soksi. Wewe umepanda na viatu vya kanisani."

"Shemeji," Zenoni akadakia, "mimi nilikuwa shimoni, miguu sikuiona."

Venance akakaa. "Tulibadilishana kwa ajili ya picha tu," akasema kwa sauti ndogo. "Nakala nilimpelekea mzee."

"Na mzee aliipata. Alicheka mpaka mama akamletea maji. Akaniambia, huyu ni wa chini, lakini amehangaika kunyoosha shati. Ukimtaka, mchukue."

"Ulijua! Na kila wiki unaniacha nijisifu kwa Birindwa?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke."

Venance akakichana kikaratasi, akaandika kingine polepole: *Zenoni, wa juu. Venance, wa chini. Siku ya picha walibadilishana.* Kisha akainua macho.

"Birindwa naye amealikwa?"

"Ndiye anayeleta samaki," Theresia akajibu, akaenda kutafuta gundi.