Matairi ya Karani wa Dirisha la Tatu

Karani wa dirisha la tatu ana vidole vinene, lakini vikikishika kigari cha plastiki anachokiunda hapo kazini huwa vyepesi kama vya mshonaji. Huloweka kibandiko chenye maandishi ya tairi, hukitelezesha kwa brashi, kisha hubana pumzi mpaka herufi zikae sawa kwenye duara. "Subirini, jamani, kazi nzuri haitaki pupa," hutuambia kwa upole, na foleni hubaki palepale.

Jana mbele yangu alisimama mama mwenye fomu ya shule ya bintiye, iliyohitaji muhuri. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi, na zilibaki dakika tano tu. Karani akasogeza kigari dirishani. "Dada, nishikie hapa kwa kidole. Ukiachia, kibandiko kinachanika."

Mama akashika. "Haya kaka, gonga muhuri."

"Kwanza kikauke."

"Basi naachia."

Karani akaitupa brashi, akagonga muhuri papo hapo. Sisi wa nyuma tukaanza kunyoosha vidole, tukimuuliza kama matairi mengine nayo hayahitaji kushikiwa.