Bwati Iliyopanda Masisi

Waasi hawakuja kuomba. Walisukuma kamio, lori kubwa la muzigo, mpaka mbele ya garaji yangu pale Walikale, wakamutupa shemeji yangu chini kama gunia la mihogo, mikono imefungwa nyuma, mudomo umepasuka. Alikuwa mume wa dada yangu mudogo, na ile kamio njo alikuwa anaiendesha, ya mufanyabiashara mumoja wa Butembo. Waliikamata kwa baryere, kizuizi chao cha barabarani, na muzigo wote. Tajiri alikimbilia porini. Shemeji walibaki naye, kwa sababu kati yao wote hakuna aliyejua kuendesha gari kubwa. Walimulazimisha kuikimbiza kwa matope mpaka bwati ya vitesi, lile sanduku la gia, ikaanza kulia, kisha ikakataa kabisa.

Komanda wao, muntu mufupi wa koti la mvua, alisema maneno yake mara moja tu. Kamio ikitembea, shemeji yangu anaishi. Ikisimama njiani, anamupiga risasi palepale, halafu anarudi kunitafuta mimi. Dada yangu alikuwa amesimama kwa mulango wa jiko na tumbo lake la mimba. Alisikia yote.

Nikafungua bwati. Rulema, zile beringi za ndani, zilikuwa zimekufa, lakini nilikuwa na zingine, nilizitoa kwa kamio iliyoungua. Kubadilisha rulema si kazi, kila muntu anaweza. Kazi iko kwa kale, yale maduara membamba ya bati yanayokaa kati ya rulema na kifuniko. Ya kiwanda tuliyasahau tangu vita vianze. Mimi nilikuwa nayakata na mukasi kutoka kwa makopo ya maziwa. Unaweka kale, unafunga kifuniko, unashika kile chuma kirefu kinachobeba meno, unakivuta na kukisukuma. Kinapaswa kucheza kidogo, kama unene wa ukucha wa mutoto. Kikicheza sana, vitesi inaruka yenyewe kwa mutelemuko. Kisipocheza kabisa, kikipata moto kinavimba, kinakosa pa kwenda, rulema zinajisaga, na gari inakufa katikati ya kilima. Chombo cha kupima sikuwa nacho. Nilipima kwa kidole gumba na sikio. Chuma kikisema tik, ndogo sana, nilijua kimekaa.

Kwa bahati mbaya komanda naye alikuwa na masikio. Alisikia ile tik, akachuchumaa, akakishika chuma, akakitikisa. Akasema nimeiacha bwati imelegea makusudi, ili wafie njiani. Nikaanza kumueleza kwamba chuma kinataka nafasi. Sikumaliza. Kitako cha bunduki kiliingia juu ya sikio la kushoto, na mpaka leo upande huo nasikia kama niko ndani ya pipa. Nilipofungua macho walikuwa wanamupiga shemeji mateke ya mbavu. Mimi njo nilibisha, yeye njo alipigwa. Alikuwa ananiangalia tu.

"Ongeza kale," komanda alisema. "Mpaka kinyamaze."

Nilimuchukia yule muntu mpaka mikono yangu ikatulia. Wengine hasira inawatetemesha. Mimi ile siku ilininyoosha. Nikakata kale ingine mbele ya macho yake, nikaiweka, nikafunga. Akatikisa chuma. Kimya. Akatabasamu, mupumbavu yule, kama amenifundisha ufundi.

Kitu hakujua ni karatoni. Kati ya kifuniko na sanduku la bwati tunaweka karatoni ya kuzuia mafuta. Ikiwa nene zaidi, kifuniko kinasogea nje, na chuma kinapata tena nafasi yake. Nikasema ile ya zamani imechoka, mafuta yatavuja. Akasema basi zuia, unangoja nini? Nikachukua boksi la sabuni, nikakata ingine kwa kuigongagonga na nyundo kwa ukingo wa chuma, vile tunafanya siku zote. Nikaiweka juu ya ile ya kwanza, nikafunga kifuniko. Nikajifanya napangusa, nikasukuma kwa gumba. Tik. Shemeji alisikia. Nilimuona anafunga macho, anapumua. Nikamwaga mafuta haraka kabla ya mwingine kugusa.

Wakamufungua mikono, wakapakia masanduku ya risasi, wakapanda juu. Gari ikaondoka bila kulia.

Dada yangu alikaa wiki nyingi bila kufunga mulango wa jiko. Halafu asubuhi moja tukasikia ile kamio mbali, inabadilisha vitesi vizuri, safi kabisa. Nilifurahi, sitadanganya. Waasi walishuka, wakaenda sokoni kunyang'anya pombe. Shemeji alishuka wa mwisho, muzima, amekonda. Dada alimukimbilia akamushika shati. Yeye hakumuangalia. Alikuja moja kwa moja kwangu.

Akanieleza polepole. Walimupandisha Masisi, mpaka kwa kilima cha kwao, kule wazee wake wanalima maharagwe. Walimuambia angoje na motere ya gari inawaka. Alingoja, bunduki kwa shingo, wao wanachoma nyumba. Mama yake alikuwa ndani.

"Ungeacha ikufe," aliniambia. "Kwa kilima cha kwanza. Ungeacha tu ikufe."

Dada yangu alikuwa bado ameshika shati kwa mikono yote miwili, tumbo lake kati yao. Nikaingia chini ya gari, ili nisione uso wa shemeji. Nikapapasa bwati. Haikuvuja hata tone.