Omena Alizoziacha Mama Apondi

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, wingu jeusi limetanda upande wa Tanzania na wanawake wa Muhuru Bay wanakimbizana na neti zao za kuanikia. Risper Adoyo anainama, anazoa omena, dagaa wa ziwani, kwa viganja viwili, anamimina guniani, anainama tena. Mwanawe wa miezi minane, Apondi, amelala mgongoni kana kwamba mama yake ni kitanda.

Zilizokauka zimeingia guniani; hizo ni za unga wa nyumbani. Zilizo kwenye neti ya pili, kama gorogoro ishirini na tano, yale makopo ya kupimia, bado zina maji. Zinataka jua la kesho asubuhi. Kesho ni Jumamosi, na Risper ni Msabato.

Jua likizama, atazifunika kwa turubai kuukuu lenye matundu na kwenda nyumbani. Hatazigusa mpaka Jumamosi jua lizame tena. Omena ikinyeshewa kabla haijakauka, hailiwi na mtu. Huuzwa kwa wafuga kuku, tena kwa bei ya kutupa.

Hizi si omena za mboga tu. Risper na wenzake watano wanajenga mashua yao wenyewe, ya kwanza ya wanawake katika ufuo huu. Kila mmoja analeta ubao wake, shilingi mia saba. Umebaki wa Risper na wa rafiki yake Mellen. Fundi Machuki amewaambia mbao zisipofika Jumatatu anakwenda kisiwa cha Remba, ambako kazi zinamngoja.

"Nyar Gwassi!" anaita Fanuel, mwenye mashua ambayo Risper huipokea ufuoni na kununua samaki wake. Humwita hivyo kwa sababu ni binti wa Gwassi, kule Homa Bay, aliyeolewa huku. "Giza la mwezi hili omena zimejaa ziwani. Kesho saa moja asubuhi usipokuwa hapa na beseni lako, nafasi yako nampa mwingine."

"Siku yangu unaijua, jaduong'."

"Hata mimi nimebatizwa," anajibu mzee huyo. "Lakini mashua yangu haijabatizwa!"

Wanawake wanaangua kicheko. Risper naye anacheka, huku mikono haisimami.

Hapa kila mashua ina wanawake wake. Ukikosa kuipokea, umekosa. Tangu aanze kazi hii mwaka 1991, Risper amepoteza nafasi mara mbili kwa ajili ya Sabato. Mwaka 1994 alikaa miezi mitatu akiteka maji ya mahoteli, shilingi tatu kwa mtungi.

"Watu wanafikiri kumfuata Yesu ni kuacha pombe," anasema. "Mimi pombe sikuwahi kuipenda. Kitu usichokitaka ukikiacha, hujajikana. Umefagia nyumba tu. Mimi napenda omena. Napenda kuona gunia limesimama. Hicho ndicho anachoniomba."

Na je, watoto wakilala na njaa? namuuliza.

Anampangusa Apondi kamasi. "Wamewahi kulala na uji mwepesi. Sikudanganyi, niliumia. Nilimwambia Mungu, wewe ni baba, unaona."

Jua linagusa maji. Risper anatandaza turubai, anaweka mawe pembeni, ananawa mikono ziwani. Hageuki nyuma.

Usiku huo mvua inanyesha.

Jumapili asubuhi anafika ufuoni na beseni kichwani. Mwanamke mwingine amesimama kwenye mashua ya Fanuel. Risper anamsalimu, anapita. Neti yake ya pili ni tupu. Kando yake amekaa Mellen, Mkatoliki kutoka Kisii, na gunia lililofungwa vizuri.

"Nilizitoa kabla ya mvua kuzifikia," anasema Mellen akitabasamu. "Jana nikazianika mpaka zikalia kama karatasi. Ubao wako huo, dada."

Risper analishika gunia. Anazipapasa omena kwa nje, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ahsante, Mellen. Lakini ni zako."

"Zangu vipi?"

"Umefanya kazi yangu siku yangu. Nikizila, nimefanya mimi. Kuanzia sasa kila Ijumaa nitakuwa nakuangalia wewe badala ya kumwangalia Mungu."

"Wewe mama una kichwa kigumu kama cha samaki mbuta!" Mellen anafoka. "Nani alinituma? Mimi nilijituma!"

"Basi Mungu akubariki wewe na gunia lako."

Ubishi huo ulidumu hadi chai ya saa nne. Mellen ndiye aliyeshindwa. Jumatatu aliliuza gunia mjini Suna na kununua ubao wake. Wa Risper haukupatikana, na fundi Machuki akaabiri kwenda Remba hadi Januari.

Wanawake wawili kati ya wale sita walinuna wiki nzima. Mmoja alisema utakatifu wa mtu mmoja umewachelewesha watu sita. Risper hakujitetea. Aliwapelekea uji, akawaomba radhi kwa kuchelewa, si kwa Sabato.

Mellen naye, ukimuuliza kuhusu Risper, anainua kidevu. "Huyu namwachia kibeti changu nikalala usingizi. Tumekubaliana mashua ipumzike Jumamosi. Mimi na misa yangu ya Jumapili nitapata siku mbili za kupumzika, yeye moja. Sasa nani mjanja?"

Sasa Risper anateka maji tena. Ametenga shilingi mia mbili na arobaini. Jioni hupitia mashua, iliyoegeshwa juu ya magogo na pengo moja ubavuni, upana wa kiganja na kidole.

"Hapa ni pangu," anasema akipitisha mkono ndani ya pengo. "Ubao utakuja, hata kwa shilingi tatu tatu. Nataka siku mashua hii itakapoingia majini niwaambie wanangu hakuna msumari wake hata mmoja uliopigwa Jumamosi."