Lori la Ndizi Kwenye Mteremko wa Marangu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Usafirishaji alinipima kwa macho kuanzia viatu hadi kichwa. "Wewe ndiye wa stashahada kutoka Ulaya?" Nikamjibu ndimi, na hakuna mjomba aliyenishika mkono, ada nilijilipia kwa kuosha vyombo hotelini. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye lori pale Himo akikimbizana na soko. Nilipewa ukaguzi wa breki, kazi iliyonifaa, kwa maana kukaa ofisini sijawahi kuweza.

Nilianza kwa kukataa desturi ya kujaribu breki uani, lori likiwa tupu. Nilimweleza Fundi Mkuu: kitu kinachokwenda kina momenta, yaani tungamo lake mara kasi yake. Kukisimamisha ni kuiondoa momenta yote, na kani ya breki ina kikomo. Ukipakia mzigo, kwa kasi ileile momenta inakua, kwa hiyo muda wa kusimama unarefuka.

"Hayo ya ubaoni," akasema. "Huku tunakanyaga, linasimama."

Nikapanda Marangu na dereva Elia kuchukua ndizi, nizione breki chini ya mzigo. Wakati wa kurudi Elia akatoa gia, lori likashuka free, injini kimya, kama madereva wengi walivyofanya kuokoa dizeli.

"Rudisha gia, Elia."

"Tulia, Ulaya. Mlima unatusukuma bure."

Bure! Kila sekunde mlima ulituongezea momenta. Akakanyaga breki, akakanyaga tena. Zikanuka kuungua, pedali ikazama. Gia nayo ikakwaruza, ikakataa kuingia. Mbele palikuwa na kona na ukuta wa mawe. Ukuta ungetusimamisha ghafla, na momenta ikiondolewa kwa muda mfupi, kani inakuwa ya kuua.

"Ingia migombani!" nikapiga kelele. "Kushoto!"

Mgomba ni laini, umejaa maji. Wa kwanza ukakatika ukatupunguza kidogo, uliofuata ukatupunguza tena, hadi tukasimama katikati ya kihamba, shamba la migomba la watu, tukiwa wazima.

Mama mwenye shamba akatokea na panga. "Mmejaza lori zima, bado mnataka na zangu?"

"Shikamoo, mama," Elia akasema.

Meneja alitaka kumfukuza Elia kazi. Nikamwambia, "Mfukuze pamoja na mimi, au toa amri: gia ndogo ya kushukia iingizwe kabla mteremko haujaanza, na breki zijaribiwe na mzigo." Amri ikatoka. Elia aliendesha hadi alipostaafu, nami nikapanda hadi Mkuu wa Karakana, Moshi mjini.

Sasa nimejenga kando ya mteremko uleule, kwa jasho langu. Lori la mzigo likishuka kimya, nainuka kitini.

"Kaa, baba Neema," mke wangu husema. "Si gari lako."

Sikai mpaka nisikie injini ikinguruma ndani ya gia.