Nilikata Kiti cha Nyuma

Kosa ni langu, jamani, wala siisingizii mvua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibaha. Nilitamani pikipiki ya porini, ile ya kupita topeni na kuruka magogo, basi nikachukua bodaboda yangu nikaisuka upya. Nikainua shokapu, nikabadilisha sproketi, nikavalisha tairi za meno. Kila kilichokuwa kizito nilikitoa. Mwisho nikakata kiti cha nyuma na vikanyagio vya abiria. Ikawa nyepesi, we!

Mchumba wangu alikuja gereji, akaizunguka. "Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Hii siyo bodaboda," nikamjibu. Nilijiona mhandisi!

Wiki ya ndoa yetu mvua ikaharibu barabara ya Maneromango, anakoishi bibi yake mchumba wangu, aliyemlea tangu mama yake afariki. Magari hayapiti, bodaboda wamekataa. Mchumba akalia. "Bibi asipoiona ndoa yangu, aione nani?"

"Tulia," nikamwambia. "Nina chombo."

Asubuhi ya ndoa nikaondoka. Chombo kilipita, wallahi! Topeni, mitaroni, kote. Vijana wa kule wakanipigia makofi.

Bibi alikuwa ameshajitanda khanga mpya, hina mikononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Haya, nikae wapi?"

Jamani! Nyuma yangu palikuwa na madigadi ya plastiki tu. Nikajaribu kumpakia mbele, juu ya tangi. Akashuka mwenyewe, taratibu, akarekebisha khanga.

"Nenda, mwanangu, usije ukachelewa harusi yako." Akanipa kifurushi cha udi.

Nilipofika Tangini, kwa mjomba wa mchumba wangu kulikoandaliwa ndoa, mchumba alitoka mlangoni akatazama nyuma yangu. Akapokea udi, akarudi ndani. Shehe alikuwa na ndoa nyingine mchana ule, tukafungishwa. Picha ni nzuri, ila mke wangu hacheki hata katika moja.

Najuta! Kiti nimeshakichomelea, kirefu, sponji nene, na cha kuegemea kipo. Pikipiki sasa ni nzito, inakwama hata kwenye dimbwi la uani. Mke wangu akienda kumsalimia Bibi anapanda bodaboda ya jirani, wanapita mbele ya gereji, ananipungia mkono.

Mafundi wenzangu, mtu wako akiuliza atakaa wapi, weka spana chini umsikilize. Mimi kiti ninacho. Bado kina nailoni yake.