Ratiba ya Nguo za Shangazi

"Shangazi, kwa nini usiwaambie tu kwamba ulilinunua kwenye mitumba?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa likizo, hakukuwa na mtu wa kubaki na mimi nyumbani, kwa hiyo alinichukua kazini kwake, na sasa tulikuwa tunarudi. Alinijibu, "Shika mkono, tunavuka barabara." Tulipofika upande wa pili akaanza habari za nyanya.

Swali lilitokana na koti. Asubuhi ile dada mmoja wa uhasibu aliinuka kwenye meza yake, akapapasa mkono wa koti la Shangazi kama mtu anayepapasa paka wa jirani.

"Wee! Hili umelitoa wapi? Maduka ya hapa hayana kitu kama hiki."

"Kaka yangu kaniletea," Shangazi akasema, bila hata kupepesa macho. "Yuko ng'ambo."

"Una bahati wewe! Wangu akituma kitu, ni picha zake."

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Shangazi ana kaka mmoja tu, naye ni baba yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka miwili. Nilipofika minne baba akasafiri kutafuta kazi, akaniacha kwa dada yake, wakasema ni kwa miezi michache. Mwaka wa kwanza simu yake ilipatikana. Baada ya hapo haikupatikana tena. Hajawahi kutuletea hata soksi. Na lile koti nililibeba mimi mwenyewe kutoka sokoni, kwenye mfuko wa plastiki, likinuka belo la mitumba.

Shangazi alikuwa masjala, kile chumba cha kutunzia mafaili, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alichotaka duniani ni kimoja: waache kumwongezea mikataba, wamwajiri moja kwa moja. "Ukivaa kama mtu wa muda, wanakuona wa muda," aliniambia. Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulifika sokoni kabla belo halijafunguliwa. Muuzaji tulimwita Profesa, kwa sababu ya miwani aliyoivaa utosini na kamwe si machoni.

"Dada wa ofisi! Koti hili limekuona, limesimama lenyewe! Ukilivaa, meneja atakupisha kwenye kiti."

"Abaki na kiti chake. Mimi nataka mabega."

Hakuwa anatania. Kila nguo aliigeuza nje ndani kwanza. Aliangalia bitana, akavuta mishono, akanusa kwapa mbele za watu bila haya. Kiuno fundi atapunguza, alisema, urefu atakata, lakini bega likikataa limekataa. Rangi alizoruhusu ni tatu tu, nyeusi, kijivu na maziwa, ili kila nguo ikubaliane na mwenzake. Jirani yetu, fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo, alibadilisha vifungo vyote, maana Shangazi aliamini vifungo ndivyo vinavyomsaliti mtu. Sketi iliyopauka tuliichovya rangi upya kwenye beseni. Mimi ndiye niliyekoroga. Wiki nzima mikono yangu ilikuwa kama ya fundi gereji, na mwalimu akaniuliza nimeajiriwa wapi.

Ndani ya mlango wa kabati alibandika ratiba. Sketi mbili, suruali moja, blauzi nne na lile koti, vyote vimepangwa kwa siku kumi za kazi bila mseto hata mmoja kujirudia. Nilikuwa naisoma kila asubuhi kumwambia leo ni nini. Niliipenda kuliko ratiba ya shule.

Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza nafasi moja ya kudumu pale masjala. Waliokuwa wakiitaka ni wawili, Shangazi na mwenzake aliyekuwa na watoto watatu na mume aliyeachishwa kazi. Shangazi alikuwa na miaka mingi zaidi pale. Hata yule mwenzake alipopoteza faili alimwita Shangazi.

Alhamisi moja nilirudi kutoka shule saa saba mchana nikakuta viatu vyake mlangoni kwa jirani. Saa saba! Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja kwa Mama Vifungo, ukuta wetu ni mmoja, na dirisha lilikuwa wazi.

"Meneja kaniita vizuri kabisa," Shangazi alikuwa anasema. "Akanipa na maji. Akasema, 'Kwa kazi ninyi wote wawili ni wazuri. Lakini mwenzako hana pa kushika. Wewe angalau una kaka ng'ambo, tunaona anavyokutunza, unapendeza kila siku.' Na mkataba wangu hawauongezi, leo ndiyo mwisho."

Cherehani ikasimama.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nikasema asante."

"Asante ya nini, mwanamke wewe! Si ungemwambia hapo hapo? Hilo koti si nimelipunguza mimi, kwa mikono hii?"

"Ningemwambia nini? Kwamba miaka yote nawadanganya? Halafu anikabidhi kumbukumbu za kampuni?"

Nilisikia Shangazi akipenga kamasi, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba sketi aliyovaa inambana kiunoni, kama inawezekana ailegeze.

Mimi hakuniambia. Ijumaa aliamka saa ile ile, akapiga pasi, akaniuliza, "Leo ratiba inasemaje?" Nikasoma, "Sketi ya kijivu, blauzi ya maziwa." Akavaa, akatoka. Alifanya hivyo mpaka zile siku kumi zikaisha zote. Alikuwa anakwenda wapi sijui mpaka leo. Mimi nilisoma, yeye akavaa, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Siku ya kumi na moja alishinda na kanga.

Sasa anachapa kwenye duka la fotokopi karibu na shule yetu. Barua nyingi anazochapa ni za watu wanaoomba kazi, naye huwasahihishia makosa hata wasipomwomba.

Mwezi uliopita walituambia sisi wa kidato cha tatu kwamba tutakaa wiki moja kwenye ofisi za watu, tujifunze kazi. Shangazi alinisimamisha juu ya stuli anipimie upindo wa sketi, pini zote mdomoni. Nikaona hapo hana pa kukimbilia, na hapakuwa na barabara ya kuvuka. Nikamuuliza tena, neno kwa neno, kama miaka saba iliyopita. Nikaongeza kwamba siku ile ya Mama Vifungo nilisikia yote.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Nilidhani atanituma maji.

"Pale ofisini tu ndipo baba yako alipokuwa anatukumbuka," alisema. "Ningewaambia ukweli, angekuwa ametuacha hata kule."