Tofali Chini ya Probox

Mume wangu Nduwayezu anaamini mambo mawili hapa duniani: Mungu, na tofali alilolichoma mwenyewe. La kwanza sina ugomvi nalo. La pili lilikaribia kunifanya mjane, na mpaka leo nikisikia jeki ikilia uani, mikono yangu inapoa.

Wazazi wake walitoka Burundi, wangu vilevile. Yeye alizaliwa huku, na tangu ujana wake anafyatua matofali bondeni hapa Nyakitonto. Nusu ya nyumba za kijiji zimesimama kwa jasho lake, na kanisa letu pia. Ukipita naye njiani atakuonyesha ukuta wa mtu na kukueleza jinsi tanuru lilivyowaka. Nimeshazoea. Wanaume wengine husifia ng'ombe.

Balaa lilianza aliponunua Probox iliyochoka, ya kubebea abiria na magunia ya maharage kwenda Kasulu mjini. Nduwayezu hataki kulipeleka gari gereji kwa kazi anayoiweza, na ya kumwaga oili anaiweza kweli. Huacha injini ipoe kwanza, huvuta hendibreki, huweka mawe nyuma ya matairi. Lakini Kipriani, fundi wa mjini aliyemfundisha, alimwambia mbele yangu kwamba jeki ni ya kuinulia tu. Mtu akiwa chini, gari libebwe na stendi za chuma. Tofali asilitumie kamwe, kwa sababu halipindi kwanza likakuonya, linapasuka tu. Nduwayezu alicheka njia nzima ya kurudi. Stendi za nini, na tanuru analo?

Basi kila alipoingia chini ya gari, mimi niliacha shughuli zangu nikakaa karibu. Niliogopa, nasema wazi. Sikujua ningefanya nini gari likianguka, maana hata kulisukuma siwezi. Nilikaa tu, kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Aliinua gari kwa jeki, akapanga matofali kulia na kushoto chini ya sehemu ya mbele, akalishusha juu ya matofali hayo, kisha akaondoa jeki. Matofali aliyatoa kwenye lundo la nyuma ya jiko. Lile lundo nalijua. Mazuri yote yalikuwa yameshauzwa. Haya ni yale ya pembeni mwa tanuru, ambayo moto haukuyafikia sawasawa na wanunuzi waliyakataa. Mganga hajigangi. Fundi matofali mzima alikuwa ameliweka gari lake juu ya makapi yake mwenyewe, tena yamelowa.

Akatandika gunia, akajisukuma chini kwa mgongo, beseni la oili pembeni yake. Nilikaa mkekani napukuchua maharage, macho kwenye tofali la chini upande wangu. Nikaona unga mwekundu unachuruzika. Kidogo, kisha ukakoma. Kisha ukaanza tena, na safari hii nikauona na ufa.

Nilimwambia polepole kwamba tofali linatoa unga, atoke.

"Mama Aline, tofali linabeba nyumba, lije lishindwe na gari?" akasema, na ili kunithibitishia, akaligonga kwa spana.

Nilihisi lile pigo kwenye meno yangu. Ufa ukapanda. Nilitaka kupiga kelele nikajizuia, kwa sababu namjua: nikipiga kelele atashtuka, atajitutumua na kuligonga gari kwa bega. Nikibishana, atanyoosha mkono kulipapasa tofali lake na kunipa somo la udongo. Kumvuta miguu niliogopa. Akishika chuma cha gari ili abaki, tumekwisha. Maharage yalikuwa yananidondoka vidoleni na sikuwa na habari. Akilini nilimwona Aline wetu akirudi kutoka shuleni na kukuta watu wamejaa uani.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu. Anaishi Kumsenga, kule Kibondo, na huja kwetu bila kutangaza. Kwetu huku mwanaume hamsalimii mama mkwe akiwa amelala. Huinuka, hujipangusa, huchutama, hupiga makofi taratibu huku akiulizia hali ya watu wa kwao. Nduwayezu anaweza kumchelewesha diwani mzima, lakini si mama yangu. Akutwe chali, shati limepanda, kitovu nje? Bora afe.

Nikalazimisha sauti yangu iwe ya kawaida. "Baba Aline, mama amefika. Huyo anaingia."

Aliteleza nje upesi kuliko nilivyowahi kumwona, akashusha shati, akafuta viganja kwenye suruali, akachutama ameelekea njiani, kichwa chini.

"Mwakeye, mabukwe," akaamkia kwa Kirundi, salamu ya asubuhi kwa mama mkwe, na kupiga kofi la kwanza.

La pili hakulipiga. Tofali lilipasuka nyuma yake kwa mlio mkavu, na gari likashuka kwa mpigo, matairi ya mbele yakazama kwenye udongo uliolowa. Kando ya pale kifua chake kilipokuwa, beseni lilikuwa limelala bapa kama chapati, na oili inatambaa kwenye gunia.

Alibaki amechutama, viganja vimekutana. Alitazama gari, akatazama njia. Njia ilikuwa tupu.

"Mabukwe yuko wapi?"

"Yuko Kumsenga," nikamwambia, na hapo nikalia hadi kamasi. Hakunigombeza kwa uongo ule.

Sasa stendi za chuma zipo. Huzipanga kwenye udongo mkavu, hulitikisa gari kwa nguvu kabla ya kuingia chini, na mimi bado nakaa karibu, bado naogopa.

Mama alikuja kweli wakati wa Krismasi. Nduwayezu alichutama uani akaanza makofi, akapiga, akapiga, machozi yakimtiririka, hata mama akaniuliza mkwe wake ana nini.

"Mwache, mama," nikasema. "Anamalizia salamu aliyoianza siku nyingine."